Choo chini ya ngazi: pima tundu na mlango kabla ya kulipia

"Habari fundi. Tunaishi Kiamunyi hapa Nakuru, kwenye mezoneti tuliyoinunua kwa mtu. Chini ya ngazi kulikuwa na choo kidogo cha kuchuchumaa ambacho sisi tulikigeuza stoo. Sasa shosho, mama mkwe wangu, anahamia kwetu. Ana miaka 74 na magoti yanamsumbua, hawezi kupanda ngazi kila mara wala kuchuchumaa. Nataka kumwekea choo cha kukalia hapo chini. Chumba kina urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 85. Dari inafuata ngazi: upande wa mlango ni sentimita 210, kule mwisho ni 120. Mlango ni wa sentimita 70 na unafunguka kwa ndani. Sinki la zamani la kuchuchumaa limeng'olewa, limebaki tundu la bomba sakafuni, kama sentimita 20 kutoka ukuta wa nyuma. Taili bado. Dukani nimeacha pesa kidogo nishikiliwe choo cha kipande kimoja, kizuri sana, kina urefu wa sentimita 70, na tundu lake liko sentimita 30 kutoka nyuma. Fundi wetu anasema vyoo vyote ni sawa, atakiingiza tu. Mume wangu anaona afadhali cha kona au kile cha kuning'inia ukutani kwa sababu nafasi ni ndogo. Maji ya mfereji huja siku chache kwa wiki, tuna tangi la lita 1,000 juu, na tunatumia septiki. Ninunue kipi?"

Dada, asante kwa kupima kabla ya kuuliza. Wengi huniandikia kwamba choo chao ni kidogo bila kutaja namba hata moja, na hapo hata fundi mwenye nia njema hana la kuwaambia. Nimechora chumba chako kwenye karatasi kwa vipimo ulivyonipa, na habari ni njema kuliko unavyodhani: chumba kinatosha. Shosho anaweza kuwekewa choo cha kukalia cha kawaida, akakaa vizuri, akainuka bila kugonga kichwa. Ila choo ulichoshikiliwa dukani sicho, na wala si kwa sababu ya zile sentimita 70 zilizokutia wasiwasi. Tatizo ni tundu lililo sakafuni, pamoja na maji yenu ya kuja na kupotea. Tena kuna kitu kinachokula nafasi kuliko choo chochote, nacho hukukiuliza kabisa. Ni mlango.

Tuanze na huo mlango, maana ndio utakaoamua kama shosho ataingia humo kwa raha au kwa shida. Chumba ni sentimita 150. Ukiweka choo cha 70 dhidi ya ukuta wa nyuma, mbele yake zinabaki 80. Mlango wa 70 ukifunguka kwa ndani unafagia 70 kati ya hizo 80. Zinabaki sentimita kumi. Mtu akiingia hana pa kusimama wakati anafunga mlango, itabidi apande upande wa choo kama mtu anayempisha mwenzake kwenye matatu iliyojaa. Sasa chukua choo kifupi kabisa utakachokipata madukani, tuseme cha sentimita 60. Umeongeza kumi tu, na mlango bado unafagia palepale. Hakuna choo kitakachokutolea hilo tatizo, hata ukilipa mara tatu ya bei.

Geuza mlango ufunguke kwa nje, na zile sentimita 80 zote zinarudi kwako. Ni kazi ya fundi wa mbao ya muda mfupi: bawaba zinahamishwa, kizuizi cha fremu kinageuzwa. Kama huko nje kuna korido nyembamba na mlango utagonga watu, weka mlango wa kuteleza, reli ikifungwa ukutani upande wa nje. Na hata kama nafasi ingekuwa kubwa, bado ningekuambia hivyohivyo kwa ajili ya shosho. Mzee akianguka chooni, mwili wake hulala nyuma ya mlango. Mlango wa kufunguka ndani huwa haufunguki tena, na watu wanaanza kutafuta shoka huku mtu analia ndani. Weka pia komeo ambalo linaweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu au bisibisi.

Kwa kipimo cha kuanzia, mimi hutumia kanuni za mabomba zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani, kwa sababu ni rahisi kukumbuka: inchi 15, yaani sentimita 38, kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni kila upande, na inchi 21, karibu sentimita 53, mbele ya choo. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mtu anayetembelea fimbo au fremu anahitaji zaidi ya hapo. Wewe mbele utakuwa na 80 au zaidi, kwa hiyo uko vizuri. Pembeni kuna jambo la kuangalia. Taili pamoja na simiti yake hula kama sentimita moja na nusu kila ukuta, hivyo upana wako wa 85 utabaki 82. Katikati yake ni 41, inapita 38. Lakini hukuniambia kama tundu liko katikati ya upana huo. Sinki la kuchuchumaa mara nyingi huwekwa popote bomba lilipoangukia, na si ajabu ukakuta tundu limesogea kushoto au kulia. Pima kutoka katikati ya tundu hadi kila ukuta wa pembeni. Upande mmoja ukipungua chini ya 38 baada ya taili, goti la shosho litakuwa linasugua ukuta kila akikaa.

Kuhusu dari, weka choo kikiegemea ule mwisho wa chini, sentimita 120. Najua inaonekana kinyume, lakini fuata hesabu. Dari yako inapanda sentimita 90 ndani ya urefu wa 150, yaani kila sentimita 10 ukitoka ukuta wa nyuma inapanda 6. Mtu aliyekaa chooni, kichwa chake kiko kama sentimita 45 kutoka ukuta wa nyuma, na hapo dari imefika 147. Mwanamke wa kimo cha kawaida akikaa, utosi wake uko karibu 130 kutoka sakafuni. Akiinuka haendi juu moja kwa moja, anainama mbele kwanza, na kule mbele, sentimita 80 kutoka ukutani, dari ni 168. Usiniamini kwa hesabu pekee. Weka kiti cha kawaida humo ndani, sehemu ya kukalia iwe sentimita 45 kutoka ukutani, na umwombe shosho akae na kuinuka mara mbili tatu. Dakika tano hizo ni bora kuliko mchoro wangu. Wanaume warefu wa nyumba hiyo ndio watakaoona taabu wakisimama humo, basi wao wakae au watumie choo cha juu.

Sasa tundu. Hapa fundi wenu amekosea, na kwa heshima zote ningependa umwonyeshe sehemu hii. Vyoo vyote si sawa. Vinafanana ukiviangalia kwa mbele, kwa sababu bakuli nyingi zina upana wa karibu sentimita 35 hadi 38, lakini vinatofautiana pale nyuma ambapo mnunuzi haangalii: uchafu unatokea wapi. Kuna vyoo vinavyotoa uchafu chini, moja kwa moja sakafuni, na kwenye boksi utaona herufi S. Kuna vinavyotoa nyuma, kuelekea ukutani, na hivyo ni vya herufi P. Kando ya herufi kuna namba za milimita. Kwa S, namba hiyo ni umbali kutoka ukuta uliokamilika, taili zikiwamo, hadi katikati ya tundu la sakafuni. Kwa P, ni kimo kutoka sakafu iliyokamilika hadi katikati ya tundu la nyuma, na mara nyingi sana ni 180.

Choo chako cha kipande kimoja ni cha S ya 300. Tundu lako liko sentimita 20 kutoka ukuta usio na taili, maana yake baada ya taili litakuwa 18 na nusu hivi. Ukisukuma choo hicho hadi ukutani, mdomo wake utaangukia sentimita 11 mbele ya tundu. Ili midomo ikutane, tangi lake lingepaswa kuingia ndani ya ukuta. Hiyo "kuingiza tu" anayosema fundi itakuwa mojawapo ya mambo mawili. Ama atavunja sakafu na kuhamisha bomba, na hilo linawezekana kwa sababu uko chini, si juu ya slebu ya ghorofa, lakini ni gharama na vumbi usilohitaji. Ama atatafuta kiungo cha kupinda na kukilazimisha, kijiti cha bomba kikipita chini ya choo kwa pembe mbaya. Kiungo kilichopinda kidogo, sentimita 2 hadi 4, hakina neno. Kumi na moja ni nyingi. Uchafu utakuwa unagonga ukingo kila ukivuta maji, karatasi zinashika, na baada ya miezi michache mnaingiza waya.

Kinachokufaa ni bakuli la P, lile la kutoa nyuma, likiunganishwa na kona ya plastiki ya inchi nne yenye mpira inayogeuka kuelekea chini hadi kwenye tundu. Kwa tundu lililo karibu na ukuta kama lako, huo ndio mpango mwepesi kuliko yote. Ila usinunue kona bila bakuli wala bakuli bila kona. Mwambie mwenye duka akuwekee vyote viwili chini sakafuni, tangi likiwa juu yake, uviunganishe kwa mkono, halafu upime kutoka mgongo wa tangi hadi katikati ya mdomo wa chini wa kona. Ikija kati ya sentimita 15 na 18, chukua. Ikizidi hapo, jaribu bakuli lingine. Muuzaji anaweza kununa kwa sababu umemfungulia maboksi. Vumilia, pesa ni zako.

Kuna jambo moja kuhusu tundu lako ambalo linanitia wasiwasi kuliko umbali wake, na ningekusihi ulikague kabla ya mengine yote. Sinki la kuchuchumaa mara nyingi halina trapu yake yenyewe, yaani lile pindo linalobaki na maji ili harufu isipande. Trapu yake huzikwa chini ya sakafu. Choo cha kukalia kina trapu yake ndani ya bakuli. Ukiweka choo cha kukalia juu ya trapu ya zamani, sasa una trapu mbili zinazofuatana, na katikati yake kuna hewa iliyofungwa. Ukivuta maji, yanasukuma ile hewa, hewa haina pa kwenda, maji yanasimama. Niliitwa nyumba moja Lanet ambapo choo kipya kabisa kilikuwa kinajaa hadi ukingoni kila kikivutwa, halafu kinashuka polepole, glu, glu, glu. Walikuwa wameshabadilisha tangi, wakamwaga na dawa za kuzibua. Tulipoinua bakuli, chini yake tukaona maji meusi yametulia kwenye pindo la zamani, na ndani ya pindo kitambaa na vipande vya taili vilivyoangukia humo wakati wa ujenzi. Pindo lilikatwa, bomba likanyooshwa, choo kilekile na tangi lilelile vikafanya kazi siku hiyohiyo.

Kwako ni rahisi kujua. Mulika tochi ndani ya tundu. Ukiona maji yamesimama karibu, trapu bado iko. Kama ni pakavu, usifurahi haraka: trapu isiyotumika muda mrefu hukauka. Chukua waya mnene au kipande cha bomba laini, ukishushe uhisi kama kinagonga pindo la kurudi juu. Kisha fungua manholi ya nje, mtu mmoja amwage ndoo ya maji yenye vipande vya karatasi kwenye tundu, na wewe uangalie. Maji yafike manholini kwa nguvu na karatasi zifike nayo. Zikichelewa au zisionekane, bomba limeziba au limezama. Maeneo mengi ya Nakuru yana udongo mwepesi wa majivu ya volkano, na bomba lililolazwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa hushuka katikati polepole na kuacha dimbwi ndani yake. Bomba la inchi nne linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Hakuna choo duniani kitakachosahihisha bomba lisilo na mteremko.

Nirudi kwenye kile choo cha kipande kimoja, kwa sababu najua umekipenda. Vyoo vingi vya aina hiyo, hasa vile vyenye dimbwi kubwa la maji ndani ya bakuli, vinafanya kazi kwa kunyonya. Pindo lake ni refu na jembamba. Maji yakishuka kwa wingi kwa mara moja, yanalijaza pindo lote, na uzito wa maji yanayoanguka upande wa pili unavuta kilichobaki bakulini. Kikiwa na maji ya kutosha ni kitulivu, kisafi, na harufu haitoki ovyo. Lakini siku ambayo tangi la juu limekauka na mnamwaga kwa ndoo, unyonyaji ule unaweza usianze, maji yanapita tu na uchafu unabaki. Na lile pindo jembamba halisamehi: karatasi nzito, gazeti, pedi, limeziba.

Aina nyingine ni ya kusukuma. Maji yanashuka kutoka ukingoni na kusukuma uchafu kupitia pindo fupi na pana. Mwaga lita tano au sita kwa mkupuo, na vitaenda. Ubaya wake upo, sitakuficha: dimbwi ni dogo, kwa hiyo uchafu hushika ukutani mwa bakuli na brashi itafanya kazi mara kwa mara, na sauti yake ni kubwa kidogo. Kwa nyumba ya maji ya mgao, nachagua ya kusukuma bila kusita. Vyoo vingi vya P madukani kwetu ni vya aina hii, hivyo unapata vyote viwili kwa mpigo. Chukua chenye tangi la vitufe viwili, lita 3 na lita 6. Septiki yenu pia itashukuru, kwa sababu maji mengi yanayoingia kwa mara moja huvuruga uchafu uliotulia chini.

Watu wengi pia hudhani kwamba tangi la juu ya paa likiinuliwa, choo kitavuta kwa nguvu zaidi. Sivyo. Nguvu ya kuvuta inatoka kwenye sisteni ya choo chenyewe, yaani lile tangi dogo la nyuma ya bakuli, maji yakianguka kutoka hapo hadi kwenye bakuli. Tangi la paa kazi yake ni kuijaza tu. Kila mita ya kimo hukupa presha ya karibu bari 0.1, na wewe uko chini ya nyumba ya ghorofa, kwa hiyo presha yako ni nzuri kuliko ya choo cha juu. Sisteni ikichelewa kujaa, angalia valvu yake. Kuna za presha ndogo na za presha kubwa, na mchanga unaobaki chini ya tangi huziba kijitundu chake.

Kuhusu mawazo ya mume wako. Choo cha kona kina tangi la pembetatu, na kimetengenezwa kwa chumba cha mraba ambacho kona yake imekaa bure. Tundu lake linatakiwa liwe konani. Lako liko nyuma, kwa hiyo mnavunja sakafu. Zaidi ya hapo, ukikaa konani miguu inaelekea ukuta wa pili kwa mshazari, na katika upana wa 82 magoti yatauona ukuta. Vifaa vyake kikiharibika ni vigumu kupatikana hapa mjini. Achaneni nacho.

Cha kuning'inia nakiheshimu zaidi. Bakuli lake lina urefu wa sentimita 48 hadi 56 hivi, sakafu chini yake inafagilika, na uzuri wake mkubwa kwa shosho ni kwamba mnaamua wenyewe kimo cha kukalia. Lakini bakuli hilo linashikwa na fremu ya chuma inayohitaji sentimita 15 hadi 20, pamoja na tangi lililofichwa. Jumlisha. Unarudi palepale kwenye 65 au 70, isipokuwa fremu hiyo iingie ndani ya ukuta, na ukuta wako wa nyuma huenda ndio unaobeba ngazi. Huo hauchimbwi. Gharama yake ni kubwa, na siku valvu ikivuja ndani ya ukuta utahitaji fundi anayeijua. Kama pesa ipo na fundi yupo, si kosa. Kwa chumba chako haikuongezei nafasi ya maana.

Kwa hiyo nunua choo cha vipande viwili, yaani bakuli na tangi vilivyotengana, bakuli la P la kusukuma, urefu wote kati ya sentimita 60 na 67. Angalia sana kimo. Vyoo vya kawaida vina kimo cha kukalia cha karibu sentimita 40. Kwa magoti mabovu hicho ni cha chini. Mwangalie shosho anapenda kiti gani nyumbani, kile anachoinuka bila kutafuta mkono wa mtu, na upime kimo chake. Ikiwa ni 45 au 47, tafuta choo chenye kimo hicho pamoja na kifuniko cha kukalia. Usipokipata, chukua cha kawaida na ununue kiti cha kuongezea kimo kinachofungwa juu ya bakuli. Nyayo zake zifike sakafuni zote akiwa amekaa. Miguu ikining'inia, umempandisha kupita kiasi.

Na hapa ule wembamba wa chumba unakuwa msaada. Katika bafu kubwa, ukuta uko mbali na mzee hana pa kushika. Kwako kuta zote mbili zinafikika kwa mkono. Funga chuma cha kushikilia kila upande, kwa boliti za kupanuka ndani ya jiwe, si kwa skrubu fupi ndani ya plasta. Kimo chake mwache shosho akuonyeshe: akae, aweke viganja ukutani pale anapopendelea kusukumia, uweke alama kwa penseli kabla ya taili. Usitumie chuma cha kutundikia taulo. Kitang'oka siku atakayokihitaji.

Chumba cha chini ya ngazi aghalabu hakina dirisha. Kama chako hakina, weka feni ya kutoa hewa yenye bomba la inchi nne linalofika nje ya ukuta, si linaloishia kwenye korido, na uache upenyo wa sentimita mbili chini ya mlango ili hewa iingie. Hakikisha pia bomba la uchafu lina bomba la hewa linalopanda juu kupita paa. Bila hilo, maji yakishuka yanaweza kunyonya maji ya trapu, na harufu ya septiki ikaja hadi sebuleni.

Wakati wa kufunga, usikubali bakuli lizikwe kwa simiti. Najua ndivyo ilivyozoeleka. Simiti ikikauka inavuta na inaweza kupasua kauri, na siku ya kubadilisha choo utalazimika kukivunja. Lifungwe kwa skrubu na plagi zake, kisha silikoni ipakwe kuzunguka, ikiachwa nafasi ndogo nyuma. Kiungo kikianza kuvuja, maji yatatokea hapo na utajua mapema. Kabla ya silikoni, vuteni maji mara kadhaa pamoja na karatasi, mkipitisha kitambaa kikavu chini ya kona kuona kama kinalowa.

Kuna mahali ambapo maandishi haya hayatoshi na mtu lazima aje aone. Ukikuta maji hayafiki manholini, ukikuta trapu iliyozikwa na hujui bomba linaelekea wapi, au mtu akipendekeza kukata ngazi, boriti au ule ukuta wa nyuma, simamisha kazi. Kwa mabomba, ita fundi aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kwa ngazi na ukuta, ita mhandisi, na uulize ofisi ya kaunti kama mabadiliko hayo yanahitaji kibali. Kama septiki hujaifungua tangu mnunue nyumba, ikaguliwe sasa kabla ya kuiongezea mtu. Na kama shosho anafika kabla kazi haijaisha, mtafutie kiti cha choo chenye ndoo, kile kinachotumika hospitalini, awe nacho chumbani kwake kwa muda.

Pesa uliyoacha dukani, rudi wiki hii kabla hawajakuletea choo. Waambie hukikatai kwa uzuri wake, ila ni S ya 300 na tundu lako ni 185. Waombe waihamishie kwenye bakuli la P la vipande viwili na kona yake. Nenda na tepu, na karatasi yenye vipimo vinne: tundu hadi ukuta wa nyuma, tundu hadi kuta mbili za pembeni, na kimo cha kiti anachokipenda shosho. Fundi wenu aende nawe, avione vikiunganishwa hapo sakafuni dukani, ndipo ulipe salio.